RetroN 5 ilikosea pale kaseti ilipoingia

RetroN 5 ya Hyperkin, mashine ya kuchezea kaseti za gemu za zamani, iliharibu kazi ndani ya sekunde zake za mwanzo. Mmeiona wenyewe: unachomeka kaseti, ujumbe wa kupakia unatokea, mashine inanakili data yote ya gemu kwenye kumbukumbu yake, kisha emuleta iliyokaa juu ya Android ndiyo inayocheza. Kaseti inabaki tunduni kama tiketi iliyokwisha kukatwa.

Uamuzi huo hauna utetezi. Kaseti za enzi ile hazikuwa ghala la data tu, zilikuwa sehemu ya mashine. Star Fox ya 1993 ilibeba chipu ya Super FX ndani yake, kwa sababu prosesa ya SNES, mashine ya Nintendo, peke yake isingeweza kuchora zile poligoni kwa kasi iliyotakiwa. Akumajō Densetsu ya Famicom, mwaka 1989, ilikuja na chipu ya VRC6 ya Konami iliyoongeza njia tatu za sauti juu ya tano za Famicom, na tundu la Famicom lilikuwa na pini za kupitishia sauti hiyo. Sasa chomeka Star Fox kwenye RetroN 5. Super FX uliyoilipia haifanyi hesabu hata moja, programu inaigiza kazi yake. Mtu aliyeitunza kaseti yake miaka ishirini anapewa kile kile ambacho angekipata kwa faili na emuleta ya bure kwenye kompyuta.

Na madhara yake si ya nadharia. Kaseti za EverDrive, zinazopakia gemu kutoka kadi ya kumbukumbu, zilikwama, maana mashine inayonakili mara moja haiwezi kuifuata kaseti inayobadilisha yaliyomo baada ya kuwashwa. Ubaya mkubwa zaidi uko kwenye hifadhi. Unacheza Zelda jioni nzima, unahifadhi, na hatua uliyofikia inakaa ndani ya RetroN 5. Kumbukumbu ya kaseti, ile inayolindwa na betri, haina habari mpaka uingie kwenye menyu uagize irudishiwe. Ukisahau, ukaipeleka kaseti kwa rafiki mwenye SNES halisi, mtakuta hifadhi ya zamani. Kaseti ni yako, lakini safari yako haimo.

Matundu ya pedi za asili yalikuwa kazi nzuri, na picha ya 720p ilikuwa safi. Pedi yake ya Bluetooth siisamehe. Nimelisema hili mara nyingi na nitalirudia: msalaba wa mwelekeo wa Gunpei Yokoi, mbunifu wa Nintendo, tangu Donkey Kong ya Game & Watch mwaka 1982, ulikwisha kufunga mjadala wa kidole gumba. Kuweka kijiti cha swichi ndogo mahali pake ni ubishi.

Wazee wa kazi hii walielewa kwamba mashine halisi ndiyo icheze kaseti. Nintendo, mwaka 1994, iliweka prosesa ya Game Boy ndani ya Super Game Boy yenyewe, kaseti ya kuchezea gemu za Game Boy kwenye SNES. Ndiyo, iliazima saa ya SNES, na gemu zikaenda haraka kupita kiasi kwa takribani asilimia 2.4. Lakini hilo ni kosa la fundi aliyeshika njia sahihi, na Super Game Boy 2, iliyotoka Japani mwaka 1998, ililiondoa kwa kupewa kristali yake. Hata zile mashine za bei poa zilizoiga Famicom, ambazo wengi wetu tulianzia kwazo, zilisoma kaseti moja kwa moja muda wote wa mchezo.

Najua jibu la watetezi: matundu matano kwenye sanduku moja yanalazimisha emuleta. Basi wangepunguza matundu. Super Nt ya Analogue, mwaka 2018, ilichagua kaseti za SNES na Super Famicom tu. Kevin Horton alizijenga upya sakiti za SNES kwenye FPGA, chipu inayoweza kupangwa upya, na kaseti inasomwa wakati gemu inaendelea. Star Fox ikiingia humo, poligoni zinachorwa na Super FX iliyo ndani ya kaseti.