Mlinzi wa Swali

Siku ya kutetea tasnifu ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi, ukumbi hujaa. Wajomba na mashangazi huja na vitenge vya sare, maprofesa huingia wamevaa majoho, na mtahiniwa akishatangazwa kuwa daktari, akina mama hupiga vigelegele na kummwagia unga wa talki kichwani mpaka uso mzima unakuwa mweupe. Anayepigwa picha ni yeye, na ni haki yake. Lakini kwenye meza ya jopo ameketi mtu mwingine ambaye kwa miaka minne, mitano, pengine minane, amesoma kila sura ya kazi ile, nyingine mara nyingi kuliko mwandishi mwenyewe. Yeye hupewa mistari michache katika ukurasa wa shukrani, basi. Huku kwetu tunamwita promota, nami nataka kuusifu ufundi wake.

Nausifu kwa sababu haujaeleweka. Hata ndani ya chuo wapo wanaodhani kwamba promota ni mtu anayejua zaidi, kwa hiyo kazi yake ni kumwambia mwanafunzi afanye nini. Hiyo ni sehemu ya kazi, tena ile rahisi. Ugumu uko katika kulinda swali la mwanafunzi: lisimezwe na vitabu, lisimezwe na haraka ya kumaliza, na juu ya yote lisimezwe na promota mwenyewe, ambaye mara nyingi ana maswali yake ya ujanani aliyoshindwa kuyajibu na angependa kumtwisha mtu.

Lubumbashi ni mahali pazuri pa kuutazama ufundi huo. Chuo kilifunguliwa mwaka 1956, mji ukiitwa bado Elisabethville. Mwaka 1971 serikali ya Mobutu iliviunganisha vyuo vikuu vitatu vya Kongo kuwa kimoja, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, na katika kugawana vitivo, wanahistoria, wanaisimu na wanafalsafa wa Kinshasa wakajikuta wamehamishiwa mji wa shaba. Hapa alifundisha na kuwa mkuu wa kitivo V.Y. Mudimbe, mzaliwa wa Likasi, ambaye baadaye, mwaka 1988, alichapisha The Invention of Africa, kitabu kinachohoji ni akina nani walioiandika Afrika na kwa macho ya nani. Hapa alifundisha Johannes Fabian, na ni hapa alipokutana na mchoraji Tshibumba Kanda Matulu, aliyeichora historia nzima ya nchi kwenye turubai. Hapa pia alifundisha mwanahistoria Bogumil Jewsiewicki, aliyetoka Poland.

Majina hayo yanajulikana duniani. Mimi ninayoyathamini zaidi ni majina yasiyojulikana, yaliyopigwa taipu kwenye majalada ya tasnifu za shahada ya lisansi za miaka ile. Mwanafunzi wa historia alirudi kwao wakati wa likizo na daftari, akaketi na wazee, akauliza habari za kilimo cha kulazimishwa, za kodi, za watu waliochukuliwa kwenda migodini, akarudi Lubumbashi na kurasa mia. Wanahistoria wa nje wangali wanazitumia kurasa hizo, maana wazee wale wamekwisha kufa na hakuna aliyewauliza tena. Nyuma ya kila jalada alikuwepo mwalimu aliyemwambia kijana wa miaka ishirini na mitatu kwamba babu yake ni chanzo cha historia sawa na makabati ya nyaraka ya Brussels, halafu akamfundisha jinsi ya kumsikiliza babu huyo bila kumwamini kila kitu.

Mbegu ile iliota. Donatien Dibwe dia Mwembu alisomea historia hapa, akaenda Chuo Kikuu cha Laval nchini Kanada, ambako Jewsiewicki naye alikuwa amehamia, akaandika tasnifu ya udaktari kuhusu magonjwa na vifo vya wafanyakazi wa kampuni ya migodi ya Union Minière. Akarudi kufundisha nyumbani. Mwaka 2001 alichapisha Bana Shaba abandonnés par leur père, historia ya familia ambazo kampuni ilizilisha, ilizitibu na kuwasomesha watoto wao, kisha ikaziacha. Katika miaka hiyohiyo, pamoja na wenzake wa hapa na wa Ubelgiji, wakiwemo watu kama Pierre Petit wa Brussels, vikundi vya watafiti vijana vilitumwa katika kaya za Lubumbashi kuandika watu wanakula nini, wanapata wapi pesa, nani anamlisha nani. Ukitaka kuujua mji huu leo, utaishia kusoma kazi zilizoandikwa na mtu aliyesimamiwa na mtu aliyesimamiwa hapa.

Kati ya mwanzo ule na mavuno haya kuna miaka ambayo sipendi kuipita harakaharaka. Usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei 1990 wanafunzi walishambuliwa ndani ya kampasi. Idadi ya waliouawa inabishaniwa hadi leo. Ushirikiano na Ubelgiji ukavunjika, na vitabu na majarida yakaacha kuja. Mwaka uliofuata miji iliporwa. Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa mkoani kwetu Katanga, na chuo kikapoteza walimu na wanafunzi. Mishahara ililiwa na mfumuko wa bei kabla haijafika nyumbani. Hata hivyo kuna tasnifu zenye tarehe za miaka hiyo. Mtu fulani alikaa, bila umeme na bila mshahara wa maana, akasoma sura ya pili ya kijana asiyekuwa na nauli. Sijui nimsifu kwa maneno gani.

Turudi kwa promota. Nimewahi kuruhusiwa kukaa pembeni katika kikao kimoja cha usimamizi. Mwanafunzi alikuwa asistenti, yaani mwalimu msaidizi wa chuo, mama wa watoto wawili, aliyekuwa akiandika kuhusu wafanyakazi wa kampuni ya migodi ya Gécamines waliokubali kuacha kazi kwa hiari katika ule mpango wa 2003 uliogharimiwa na Benki ya Dunia, ambao uliwatoa watu wapatao elfu kumi. Sura yake ilikuwa ndefu na Kifaransa chake safi: nadharia, majedwali, wangapi walinunua gari la abiria, wangapi mashine ya kusaga mahindi. Profesa alikuwa ameisoma yote. Pembezoni mwa kurasa palijaa penseli, na sikuona hukumu yoyote pale, ila maswali mafupi. Nani? Lini? Ulimwona? Akaisogeza kando.

“Mama, sauti za hao wazee unazo?”

“Ninazo, Profesa. Ziko kwenye simu.”

“Tumsikilize mmoja.”

Mzee alizungumza Kiswahili cha mtaa, polepole, akieleza alivyozipokea zile pesa na alivyozigawa: hizi za nyumba, hizi za karo, hizi za duka. Katikati ya maelezo ikasikika sauti ya mwanamke kwa mbali, pamoja na mlio wa sufuria: hapana baba, hizo za duka tulikuwa tumekwisha kuzila. Mzee alinyamaza kidogo, kisha akaendelea na hesabu yake kana kwamba hakusikia.

Profesa akasimamisha. “Huyu nani?”

“Mke wake. Hayumo kwenye orodha yangu, Profesa. Mimi nahoji wafanyakazi.”

Akairudisha nyuma, tukasikiliza tena. Halafu akakaa kimya. Alikaa kimya mpaka mimi, niliyekuwa mgeni, nikaanza kuona aibu kwa niaba ya yule dada. Hatimaye dada mwenyewe akasema, kwa sauti ya mtu anayejisemesha: “Yeye ndiye anayejua hesabu.”

Nina hakika profesa alikwisha kuliona jambo lile tangu mara ya kwanza, pengine kabla. Angelisema, lingeandikwa, na tasnifu ingekuwa na sura nzuri ya profesa ndani yake. Akalimeza. Katika ufundi huu sijaona kitu kigumu kuliko kumeza jibu ulilo nalo mdomoni, ukiwa umechoka, ukiwa na wanafunzi wengine watatu wanaosubiri kwenye korido, na ukijua kwamba sentensi yako moja ingewaokolea nyote wiki mbili.

Dada alipouliza kama inabidi aanze upya, hakupewa ndiyo wala hapana. Alipewa kazi mbili. Amsome Dibwe mpaka ukurasa wa mwisho, kisha aje aeleze Dibwe amemwachia nini. Na arudi kwa yule mama, mara ya kwanza bila simu, amsaidie kuchambua sombe, yaani majani ya muhogo. Mara ya kwanza bila simu: hayo hayamo katika kitabu chochote cha mbinu za utafiti nilichokisoma, lakini ndiyo yaliyofungua mlango. Tasnifu ilikuja kuwa ya wake wa wafanyakazi na jinsi walivyozihesabu pesa ambazo waume waliziandikisha kwa majina yao. Majedwali mengi yalitupwa, na dada hakuyalilia.

Kuna jambo jingine dogo ambalo profesa yule alilisisitiza, nami nimeona mapromota wengine wazuri wa hapa wakilisisitiza vilevile. Mahojiano hufanywa kwa Kiswahili na tasnifu huandikwa kwa Kifaransa. Kwa hiyo kila nukuu iwekwe kwanza kama mzee alivyoitamka, Kifaransa kifuate. Msomaji wa kesho apate pa kushika ikiwa mwandishi alisikia vibaya.

Katika sayansi swali hulindwa kwa njia nyingine. Shaba ya kwanza iliyeyushwa Lubumbashi mwaka 1911, na moshi wa bomba kubwa la kiwanda cha kuyeyushia umeacha udongo wenye sumu upande unakoelekea upepo, hata katikati ya makazi ya watu. Watafiti wa kitivo cha kilimo, kama Mylor Ngoy Shutcha, wamechunguza kama nyasi za asili za vilima vya shaba, Microchloa kunthii ikiwa mojawapo, zinaweza kuufunika udongo huo na kuishikilia sumu isipeperuke. Kazi ya namna hii inatawaliwa na mvua. Msimu huanza karibu na Novemba na kuisha karibu na Aprili, na anayechelewa kupanda amepoteza mwaka. Promota mzuri wa kilimo, basi, ni yule anayemsumbua mwanafunzi mwezi wa nane: mbegu umezikusanya? Wenye mtaa umewaomba ruhusa? Mbuzi utawazuia kwa kitu gani? Maswali hayo hayana utukufu wowote, na ndiyo yanayoamua kama kutakuwa na tasnifu.

Au chukua afya ya umma. Célestin Banza Lubaba Nkulu, mtaalamu wa sumu wa chuo hiki, pamoja na wenzake wa Leuven, Ubelgiji, walionyesha mwaka 2009 kwamba watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga wana kobalti nyingi mno mwilini, na mwaka 2018 wakaonyesha hali ilivyo Kasulo, mtaa wa Kolwezi ambako watu wamechimba kobalti chini ya nyumba zao. Ushahidi wa utafiti kama huo hutoka katika mkojo wa watu, wakiwemo watoto. Anayetaka kumfundisha kijana kazi hiyo hana budi kuanza mlangoni: namna ya kuamkia, namna ya kumweleza mama kwa nini unataka mkojo wa mwanawe, na, jambo linalosahauliwa sana, namna ya kurudi kumpa majibu hata kama majibu ni mabaya na dawa huna. Promota asiyedai safari hiyo ya kurudi amefundisha nusu tu.

Wanaosimamiwa wenyewe ni watu wazima. Wengi wao ni maasistenti na washefu wa travo (cheo kilicho juu ya asistenti), wanaofundisha madarasa makubwa, kusahihisha mamia ya mitihani na kutafuta bukari (ugali) ya watoto, kisha saa nne usiku, umeme ukiwepo, wanafungua sura ya tatu. Promota anayajua hayo, kwa sababu aliyapitia. Nimesikia mapromota wakisema kwamba ndiyo sababu wanawapitishia watu kazi hafifu: maisha ni magumu, tumwonee huruma. Siikubali huruma hiyo. Aliyepitishwa na kazi hafifu atakuja kusimamia wengine, na hatakuwa na cha kuwapa. Wala siwakubali wale wanaokaa na sura ya mwanafunzi mwaka mzima bila kuifungua, huku wakimwambia awe na subira. Subira anayo tayari.

Tangu mwaka wa masomo wa 2021-2022 nchi imeingia katika mfumo wa LMD (lisansi, masta, doktora), na masta ina miaka miwili. Nauogopa ufupi huo, kwa sababu ukimya niliouona kwenye kikao kile unataka muda. Nawaogopea zaidi madaktari wapya, wanaokabidhiwa wanafunzi muda mfupi baada ya kutunukiwa, bila yeyote kuwafundisha usimamizi. Kila mmoja husimamia kama alivyosimamiwa, vizuri au vibaya. Wapo maprofesa wanaowaita madaktari hao kukaa nao vikaoni mwaka mmoja au miwili, wasome rasimu ileile kila mtu na penseli yake, kisha walinganishe walichouliza. Wanafanya hivyo kwa hiari yao, baada ya saa za kazi. Vitivo vivihesabu vikao hivyo kuwa kazi, kwa kijana na kwa mzee anayemfundisha, na vivilipe.