Kalamu Iliyoanguka: Kuisikiliza Riwaya ya Persuasion katika Nyakiyumbu

Uhakiki wa riwaya umezoea kumchukulia msomaji kuwa mtu mwenye kitabu mkononi. Katika Nyakiyumbu, jirani na Bwera, wilayani Kasese, dhana hiyo ina mashiko madogo: kitabu cha riwaya ni adimu, simu si adimu. Tangu mwaka 2005 mradi wa LibriVox umekuwa ukitoa bila malipo vitabu vya sauti, vikisomwa na watu wa kujitolea kutoka maandishi ambayo hakimiliki yake imekwisha, na miongoni mwavyo imo Persuasion ya Jane Austen. Riwaya hiyo, iliyotoka mwishoni mwa 1817, miezi michache baada ya mwandishi wake kufariki, yahusu penzi la kwanza linalofufuka. Makala haya yanadai kwamba kazi hii haikuhamishiwa sikioni na simu. Ni riwaya ya sikio tangu asili, na kwa sababu hiyohiyo inampa kazi ngumu atakayeitia katika Kiswahili.

Kisa hakihitaji maelezo mengi. Anne Elliot, akiwa na miaka 19, alimkubali Frederick Wentworth, afisa kijana wa jeshi la majini asiye na mali. Lady Russell, aliyekuwa kwake mahali pa mama, alimshawishi avunje uchumba. Miaka minane baadaye Wentworth anarudi akiwa nahodha mwenye fedha, na kinyongo bado anacho. Kwa Wakonzo, ambao mahari yao huhesabiwa kwa mbuzi na jamaa huketi kumpima mposaji, Lady Russell hawezi kuwa dubwana. Ni mtu mzima anayetimiza wajibu wake, na amekosea. Wahakiki wanaomlaani upesi yaelekea hawajawahi kuketi katika kikao cha posa.

Wapenzi hawa wawili hawawezi kusemezana, basi husikiana. Katika sura ya 10, Anne ameketi upande mmoja wa ua wa miche, na upande wa pili Wentworth anamsifia Louisa Musgrove uthabiti wa moyo, akitoa mfano wa kokwa. Anne haoni kitu. Msikilizaji naye haoni kitu, na hapo tofauti kati yake na mhusika inatoweka kwa namna ambayo ukurasa uliochapwa hauwezi kuileta.

Tukio kubwa zaidi limo katika hoteli ya White Hart mjini Bath. Wentworth anaandika barua mezani. Dirishani Anne anabishana na Kapteni Harville kuhusu nani hudumu zaidi katika mapenzi, mwanamume au mwanamke. Kalamu inaanguka. Mara hiyo inafahamika kwamba aliyekuwa akiandika alikuwa karibu kiasi cha kusikia. Austen hakulipata tukio hili mara ya kwanza. Katika mwisho alioukamilisha Julai 1816, Wentworth anatumwa na Admirali Croft kumuuliza Anne kama kweli ataolewa na Bwana Elliot, na upatanisho unafuata papo hapo. Mwandishi hakuridhika, akauandika upya kufikia Agosti. Hati ya sura zilizoachwa ingalipo, katika Maktaba ya Uingereza. Badiliko hilo lina maana moja iliyo wazi: mwanamume alitumwa kuuliza, sasa anakaa kimya na kusikiliza. Ndipo anapoandika barua yake, ambayo katika rekodi husomwa kwa sauti ileile iliyosimulia mawazo ya Anne. Pengine huo si upungufu. Barua hiyo msikilizaji huipokea kama Anne anavyoisoma moyoni.

Ugumu unaanzia kwenye sarufi. Kiingereza hutenganisha mwanamume na mwanamke kwa kiwakilishi. Kiswahili hakitenganishi, na Lhukonzo, lugha ya nyumbani ya msikilizaji huyu, vilevile haitenganishi. Sentensi kama "alimtazama, naye akageuka" haielezi nani alimtazama nani. Msomaji wa kitabu hurudi mstari mmoja nyuma. Mtu anayechambua kahawa huku simu ikisema pembeni harudi. Dawa ya haraka ni kutaja majina kila mara, na ni dawa mbaya, kwa kuwa Anne hulikwepa jina la Wentworth. Mwishoni mwa sura ya 3 anawaza kwamba baada ya miezi michache huenda mtu fulani akatembea mahali hapo, na asemacho ni kiwakilishi kitupu. Sura ya 4 ndiyo inayofichua ni nani. Kiambishi cha Kiswahili hapo kingefuta hata fununu kwamba ni mwanamume.

Hata hivyo Kiswahili kina neno ambalo Austen hakuwa nalo. Mwanamke asiyetaka kutaja jina la aliyempenda husema "yule", na kila aliye barazani huelewa kwamba pana habari ndefu nyuma yake. "Huenda yule akatembea hapa" haitaji jinsia, lakini inabeba miaka minane. Mfasiri akiliweka neno hilo kwa uchache, likasikika mara nne au tano tu kabla ya Bath, sikio litalikumbuka kalamu itakapoanguka.