Safari ya Kuba: Ngoma Tunaiona, Jina Lake Hatuambiwi

Tukisema Kuba hapa, hatusemi Wakuba wa Kasai na vitambaa vyao vya rafia. Tunasema kile kisiwa cha bahari ya Karaibi, kule wankambo wengi wa Kongo walipelekwa kwa nguvu ndani ya mashua za watumwa. Utumwa ulifutwa kule katika mwaka wa 1886 tu. Katika Amerika yote, Brazil peke yake ilikawia kuliko pale.

Siku hizi watu wanaenda Kuba kwa makundi: watu kumi na tano ao ishirini, bisi moja, kiongozi mmoja, siku nane ao kumi za sanaa, historia na maisha ya wenyeji. Kwa Wamarekani hata sheria imeingia ndani. Kwenda kulala tu kwenye mchanga wa bahari wamekatazwa, lakini kundi lenye programu ya kujifunza na kuongea na wenyeji linaweza kupita. Ruhusa hiyo ilifunguliwa mwaka wa 1999, ikafungwa 2003, ikafunguliwa 2011, ikafungwa tena 2019, ikarudi 2022. Njo sababu programu inajazwa tangu asubuhi mpaka usiku.

Sasa tuulize: hizi safari zinafundisha nini juu yetu? Mambo mazuri yanaonyeshwa mengi, hatukatai. Lakini mara nyingi yote yanaitwa kwa neno moja tu, «Afrika», na neno hilo moja linaficha watu.

Tuanze na La Habana. Kundi linapelekwa Callejón de Hamel, njia nyembamba ambayo msanii Salvador González alianza kuipaka rangi mwaka wa 1990, na siku ya Mungu watu wanapiga rumba pale. Mgeni anasikia majina ya Changó, Yemayá na Ochún. Ni majina ya Wayoruba, watu wa Nigeria na Benin. Ya Kongo yanakuja mwisho, ao yanakuja na sauti ya woga, sawa vile dini ya Palo ingekuwa uchawi tu. Lakini tega masikio kwa maneno ya wale wazee wa Palo: *ngoma*, *nganga*, *Nsambi*. Mtu wa Kiswahili anasikia ngoma na mganga. Mtu wa Kongo Central anasikia Nzambi, Mungu mwenyewe. Je, tunahitaji mtu wa kututafsiria?

Na kuna jambo la kufikiri. Kwa Kikongo, nganga ni mtu, ni yule anayejua dawa. Kwa Palo, nganga ni chungu cha chuma ambamo wanaweka udongo, miti na mifupa. Jina limetoka kwa mtu likahamia kwa chombo chake. Kiongozi anayesema «hii ni nyungu ya uchawi» anaruka habari kubwa: watu walivunjiwa vijiji, wakapotezewa waganga, lakini maneno hawakuyaacha. Lydia Cabrera aliketi na wazee wale miaka na miaka, akaandika kitabu *El Monte*, kilichotoka mwaka wa 1954. Bisi inapita karibu na habari hiyo kwa dakika arobaini.

Kisha wanaenda Trinidad. Karibu na mji iko bonde la miwa, Valle de los Ingenios, ambalo UNESCO iliandika katika urithi wa dunia mwaka wa 1988. Pale iko munara wa Manaca Iznaga, urefu wake kama metre 45. Wageni wanapanda, wanapiga picha, wanashuka, wananunua vitambaa vya meza. Munara ule haukujengwa kwa picha. Juu yake walisimama walinzi wa kuchunga watumwa ndani ya miwa, na kengele yake ililia kuwaambia saa ya kuanza kazi na saa ya kuacha.

Usiku, ndani ya mji, kundi linaketi mahali panapoitwa Palenque de los Congos Reales, linakunywa na kutazama wachezaji. Palenque maana yake ni kimbilio la watumwa waliotoroka. Sasa ni mahali pa rumu na mezani. Hatuwakatazi wachezaji kula jasho lao, wana watoto sawa sisi. Lakini katika mji uleule iko nyumba ya cabildo ya Wakongo, Cabildo de los Congos Reales de San Antonio. Cabildo ilikuwa shirika: watu wa asili moja walikusanyika, wakachagua mfalme na malkia wao, wakazika wafu wao, wakachanga feza za kukomboa ndugu. Ni kusema, chini ya fimbo walijenga kitu sawa mutuelle zetu. Kwetu sisi, njo pale safari ingepaswa kukaa siku nzima.

Juu ya rumba, lawama inarudi kwetu pia. Wakongomani wengi wanasema: «Rumba ni yetu, Kuba waliiba.» Wengine wanaonyesha neno *nkumba*, kitovu. Sawa, mzizi tunao. Lakini mpeleke mpenzi wa Wendo Kolosoy Matanzas, mji wa Los Muñequitos, kundi lililoanza mwaka wa 1952. Atasikia ngoma, vijiti na sauti za watu. Gitaa hatasikia. Atasema: «Hii si rumba!» Kumbe ndiyo rumba yenyewe ya Kuba. Ile iliyotufikia sisi, nyingi ilikuwa *son*, muziki wa upande wa Santiago, wenye gitaa ndogo ya tres. Wimbo *El Manisero* wa Don Azpiazú, sahani ya mwaka wa 1930, ni son, lakini wauzaji wa Marekani waliupa jina la rumba. Tangu 1933 sahani za GV zikaleta muziki huo Afrika, vijana wa Leopoldville wakausikia, wakaugeuza kwa lugha zetu na magitaa yetu. Mwaka wa 1960 hata uhuru tuliuimba kwa cha-cha-cha, mapigo yaliyozaliwa La Habana. UNESCO iliandika rumba ya Kuba mwaka wa 2016, na ya Kongo zote mbili mwaka wa 2021. Hakuna aliyeiba. Mtoto alienda, akarudi na nguo ingine, nasi tukamshonea ingine tena.

Santa Clara, kundi linaingia katika kaburi la Che Guevara, ambamo mifupa yake iliwekwa mwaka wa 1997. Wanaongea juu ya vita vya Kuba, wanaongea juu ya Bolivia. Ya Kongo, mara nyingi ni neno moja. Lakini tarehe 24 Aprili 1965 alivuka ziwa Tanganyika toka Kigoma, akafika Kibamba, akakaa katika milima ya Fizi mpaka Novemba. Wakuba waliokuja naye walikuwa zaidi ya mia, wengi wao weusi. Majina yao ya vita waliyachukua katika Kiswahili chetu: Víctor Dreke akaitwa Moja, José María Martínez Tamayo akaitwa Mbili, Che akaitwa Tatu. Katika kitabu chake, kilichochapishwa baada ya miaka mingi, hakuficha kwamba kazi ile ilishindwa, na alilalamika sana juu ya dawa ambayo wapiganaji wetu waliamini itawakinga na risasi. Jambo la ajabu: kule kwao wajukuu wa Wakongo walikuwa na nganga zao vilevile. Miaka mingi chama kilichotawala hakikupokea mtu wa dini, na ni mwaka wa 1991 tu kilikubali waamini kuwa memba.

Wageni warudi wakijua hayo. Wajue pia kwamba tangu 2024 umeme umekatika inchi nzima mara kadhaa, na kwamba yule aliyewapigia ngoma anaweza kurudi nyumbani kwenye giza.

Ushauri wetu kwa wanaopanga safari: punguzeni vituo, ombeni ruhusa kwa wazee, walipeni vizuri, na kila kitu kiitwe kwa jina lake.

Na sisi je? Wageni wakubwa wakifika kwetu, tunaita wazee wacheze dakika kumi, tunawapa soda, kisha tunawasahau. Hatuulizi ngoma ile inaitwa nani, wala inapigwa siku gani. Kibamba na Fizi, wazee waliowaona Moja, Mbili na Tatu kwa macho yao wanapungua kila mwaka. Shirika letu halina feza ya ndege ya kwenda La Habana. Lakini kalamu na daftari tunazo, na njia ya ziwa tunaijua. Tuanze na wale.