Bayati Iliyojibiwa kwa Hijazi

Mwimbaji amemaliza ubeti wa kwanza, ametua kwenye D yake bila haraka, na ukumbi mzima unangoja jibu la ala. Hapo mpiga kinanda anaiacha sauti ya fidla aliyoanza nayo, anabonyeza ile lidi (sauti ya kuongoza) kali iliyopewa jina la Mashariki kiwandani, na Bayati ya mwimbaji, moja ya maqam au ngazi za noti za Kiarabu, anaijibu kwa Hijazi, maqam nyingine kabisa. Waliokaa kwenye harusi za taarabu ya kinanda hapa Nakuru, Bondeni au kwenye mahema ya Gilgil na Naivasha, wameisikia zamu hiyo mara nyingi hata wengine wakadhani ndivyo nyimbo hizi zilivyotungwa. Sivyo. Ni kosa la wazi, na si la vidole, maana vidole vya vijana wetu ni vyepesi na safi. Kosa liko kwenye uamuzi uliofanywa kabla kidole hakijagusa kibao.

Tuitazame zamu yenyewe noti kwa noti. Bayati ya D inapanda kutoka D hadi E nusu-flati, kisha F, kisha G. Ile E ya mwimbaji imekaa takriban senti 150 juu ya D (nusu toni ni senti 100), katikati ya vibao viwili ambavyo kinanda cha kawaida kinavyo. Kutoka hapo hadi F ni senti 150 nyingine. Hatua hizo mbili zinazokaribiana ndizo zinazoipa Bayati upole wake, ule unaomfanya msikilizaji ainamishe kichwa hata kabla hajayashika maneno. Lidi inapoingia na Hijazi, E inashushwa hadi flati kamili na F inapandishwa hadi shapu. Pengo la senti 150 kati ya noti hizo sasa ni senti 300. Limekuwa mara mbili! Mwimbaji ameomba, kinanda kimejibu kwa kujigamba. Tena akirudi kwenye ubeti wa pili anaikuta E yake haina pa kukaa, kwa sababu masikio ya ukumbi yameshavutwa kwingine. Sikilizeni mwimbaji anavyoyumba kwenye mstari wa kwanza wa ubeti huo: watu humlaumu yeye, na aliyemtoa njiani ni kinanda. Dumbaki na rika, niseme kwa haki, hushika mahali pake mwanzo hadi mwisho.

Kwa nini Hijazi, kila mara Hijazi? Kwa sababu ni mojawapo ya maqam maarufu zinazoonekana kuingia kwenye vibao kumi na viwili bila kurekebisha chochote. Mtu anapiga D, E flati, F shapu, G, na papo hapo panasikika Uarabuni wa filamu za Marekani. Lakini hata hiyo ni Hijazi ya haraka. Mpiga udi mzuri huipandisha kidogo ile noti ya pili na kuishusha kidogo ya tatu, pengo likapungua ukali. Mpiga udi wetu wa taarabu, Zein l'Abdin, alikuwa na udi usio na vizuizi shingoni, na kila noti aliitafuta kwa kidole na sikio. Sisi tumepewa sauti mia kadhaa za kiwandani tukaacha kutafuta. Nimeandika mengi dhidi ya sauti hizo na sitachoka, kwa sababu zinawafundisha wapigaji kwamba Mashariki ni rangi ya sauti. Wimbi la msumeno likichujwa hadi lifanane na zumari bado halijasema lolote. Kinachosema ni mwendo: namna noti inavyofikiwa kutoka chini, mtetemo unavyochelewa kuanza, noti mbili zinavyounganishwa kwa mtelezo badala ya kugongwa moja moja. Mwaka 1982, kwa mfano, Charanjit Singh wa India alirekodi raga kumi kwa sinthesaiza ya Roland Jupiter-8 juu ya midundo ya disko. Sauti zake hazijifichi kwamba ni za umeme, hazijaribu kuwa sitari, na bado raga zinatambulika kwa mitelezo yake.

Wako watakaosema kwamba hata mashujaa wa taarabu wa Mombasa walipiga ala za noti zisizosogea, na hoja hiyo ni nzito. Tashkota iliyosikika kwenye nyimbo za Zuhura Swaleh ina vitufe, na kitufe hakijui robo toni. Lakini kundi zima lilisimama kwenye ngazi moja, mwimbaji na tashkota wakikubaliana E iko wapi. Juma Bhalo naye alipochukua nyimbo za filamu za Kihindi, alichukua miziki ambayo sehemu kubwa inaishi vizuri ndani ya noti kumi na mbili. Walichagua wimbo unaoiva kwenye ala waliyonayo. Wakati huohuo India yenyewe ilikuwa na ugomvi wake: redio ya taifa iliipiga marufuku harimoniamu mwaka 1940, na miongoni mwa malalamiko ni kwamba haiwezi kutelezesha noti. Marufuku hiyo ilikaa miongo mitatu. Ilikuwa kali kupita kiasi, lakini angalau mtu alijali noti inakaa wapi. Cairo wao waliichukua akodioni wakairekebisha ndimi zake ili itoe robo toni, na Farouk Salama akaipiga nyuma ya mwimbaji Umm Kulthum bila kumkanyaga.

Hoja nyingine huniudhi zaidi: ati msikilizaji wa Bonde la Ufa hana sikio la maqam, kwa hiyo apewe anachokijua. Sikio la hapa halikulelewa na piano. Mtafiti wa muziki Hugh Tracey alipowarekodi Wakipsigis mwaka 1950, wasichana walioimba wimbo uitwao Chemirocha waliimba na chepkong, kinubi ambacho nyuzi zake zilikazwa kwa sikio, bila kuuliza piano. Mzee aliyekulia Kericho au Molo na chepkong anajua noti iliyokaa kati ya noti nyingine, hata kama haiiti nusu-flati.

Tena kurekebisha ni kazi ndogo kiasi cha kusikitisha. Bayati ya D kwa kawaida ina B flati, kwa hiyo kibao kinachohitaji kuguswa ni kimoja tu, E. Korg za familia ya Pa na Yamaha za PSR-A zina mahali pa kuishusha noti hiyo senti 50 na kuhifadhi mpangilio. Rizan Sa'id wa Syria, aliyempigia mwimbaji Omar Souleyman, amejenga jina lake kwenye harusi kwa vinanda vya aina hii, na lidi zake ni kali kuliko zozote zinazosikika Nakuru. Ukali haujawahi kuwa tatizo. Asiye na kinanda cha namna hiyo anaweka gurudumu la kupinda sauti kwenye upana wa nusu toni moja, anapiga E flati na kulisukuma juu nusu ya safari, kisha analiachia kabla ya F. Wimbo ukihamia maqam ya Rast ya C, B nayo inapanda kutoka flati hadi nusu-flati, na mpangilio huo wa pili unatakiwa uwe umeshahifadhiwa kabla ya mwimbaji kupanda jukwaani.