Nyama wa Msitu: Kukisoma Upya Kitabu cha Turnbull Juu ya Wambuti

Muhula uliopita tuliwapa wanafunzi wetu wa mwaka wa 3 kurasa chache za kitabu cha Colin Turnbull, The Forest People, wazitafsiri kwa Kiswahili. Kitabu hiki kilichapishwa mwaka 1961, na hadi leo ni miongoni mwa vitabu vinavyotajwa kwanza yanapozungumzwa maisha ya Wambuti wa msitu wa Ituri, kaskazini-mashariki ya Kongo. Tulikichagua kwa sababu Kiingereza chake ni chepesi na hadithi yake inavuta. Hatukutazamia kwamba madaftari yaliyorudi yangetuaibisha sisi walimu kuliko wanafunzi.

Karibu wote walimwita Mmbuti "mbilikimo". Kwa upande wa kamusi hawakukosea. Neno hilo limo. Lakini tazama upatanisho wa kisarufi walioutumia: "mbilikimo hizi zinaishi", "mbilikimo zilipoanza kuimba". Wanafunzi haohao hawawezi hata siku moja kuandika "askari hizi zinalinda". Wanajua vizuri kwamba nomino inayotaja mtu huchukua upatanisho wa a-wa, hata kama umbo lake ni la ngeli nyingine. Hapa kanuni hiyo iliwaponyoka, na hatuamini kwamba iliponyoka kwa bahati mbaya. Neno lenyewe lina kimo ndani yake. Ni neno la mtu aliyesimama nje akimpima mwenzake, na ndilo hilohilo wanalolitumia watafsiri wa ngano za Ulaya kwa vijitu vya kubuni vya msituni. Mwanafunzi mmoja anayetoka upande wa Bundibugyo, ambako Wasua wanaishi jirani na wakulima, alinyoosha mkono wakati wa masahihisho akasema: "Mwalimu, hao kwetu ni majirani. Sisi tunawaita kwa majina yao." Darasa likanyamaza. Nasi hatukuwa na jibu la haraka.

Basi tukarudi kwenye kitabu, safari hii tukikisoma kama wahakiki, si kama watu wanaotafuta kifungu cha mazoezi.

Tuanze na sifa, kwa kuwa zipo. Turnbull alifika Epulu mara ya kwanza mwaka 1951, akarudi mwaka 1954, kisha akakaa muda mrefu zaidi mwaka 1957 na 1958. Waliomtangulia, tangu Stanley aliyeuvuka msitu huo mwaka 1887, waliandika zaidi juu ya urefu wa miili na mishale ya sumu. Turnbull aliandika juu ya watu wenye majina: Kenge, Moke, Cephu, bibi mzee Balekimito ambaye kifo chake kinafungua sherehe ya molimo. Sura za molimo ndizo kilele cha kitabu. Mtu mkubwa akifa, au mawindo yakikosekana, Wambuti huona kwamba msitu umelala na haukuwaangalia watoto wake. Dawa yake ni kuuamsha kwa nyimbo. Chakula na kuni hukusanywa kibanda kwa kibanda, wanaume huimba usiku hadi karibu na alfajiri, na sauti ya molimo huzunguka gizani kama mnyama anayewajibu.

Mwandishi alitazamia kuona tarumbeta ya kale iliyochongwa kwa ustadi. Akaletewa kipande cha bomba la chuma, la aina ya yale ya kupitishia maji barabarani. Alipoonyesha kusikitika walimshangaa. Bomba halishiki kuoza kama mti, na sauti yake ni nzuri. Kuna zaidi ya hapo? Ukurasa huu unatupendeza kwa sababu mwandishi anakubali kuchekwa. Laiti angekumbuka kicheko hicho hadi mwisho wa kitabu.

Hakukumbuka. Kitabu kizima kimejengwa juu ya ukuta mmoja: huku msitu, kule kijiji. Msituni kuna upendo, wimbo na ukweli. Kijijini kuna hofu, uchawi na jua kali. Wakulima wa Kibira wamepewa nafasi ya watu wanaoogopa miti, wanaojidanganya kwamba Wambuti ni mali yao, huku Wambuti wakiwacheka kisogoni. Hata jando la nkumbi, ambamo vijana wa Kimbuti na wa Kibira hutahiriwa pamoja na kufungwa na udugu wa kare unaodumu maisha yote, linaelezwa kana kwamba kwa Wambuti ni mchezo wa kuwaridhisha wenyeji wao. Inawezekana kwamba wengine walicheza. Lakini watu hawachezi kwa vizazi na vizazi bila mchezo wenyewe kuwa maisha yao.

Wataalamu waliofuata wameupiga ukuta huu nyundo. Mwaka 1989 Robert Bailey na wenzake walihoji kama kuna watu waliowahi kuishi ndani ya msitu wa mvua bila kupata chakula chochote cha shamba. Mwaka 1994 Roy Richard Grinker, katika utafiti wake juu ya Walese na Waefe wa Ituri hiyohiyo, alionyesha kwamba mkulima na mwindaji hufikiriwa kuwa wa nyumba moja: nyama na asali huku, ndizi, mihogo na vyuma kule, na juu yake kazi, vilio na mazishi. Usawa haupo katika nyumba hiyo, hilo tusilifiche. Ila ni nyumba moja.

Kwetu sisi watu wa lugha, ushahidi ulikuwa wazi tangu mwanzo. Wambuti wa Epulu wanasema Kibira, ambacho ni Kibantu. Waefe, wanaowinda kwa upinde zaidi kuliko kwa nyavu, wanasema lugha iliyo ndugu wa Kilese, ambayo si Kibantu kabisa. Waasua lugha yao iko karibu na Kimangbetu. Nani atajifunza lugha ya jirani hadi iwe lugha ya mama yake, halafu aambiwe kwamba jirani huyo hakuwa sehemu ya dunia yake?

Hapa ndipo Kiswahili kinapoingia, na hakiingii na mikono misafi. Lugha ya mawasiliano ya Ituri katika miaka ya Turnbull ilikuwa Kingwana, yaani Kiswahili cha mashariki ya Kongo. Kilifika huko kutoka Maniema katika miaka ya 1880 pamoja na watu wa Tippu Tip na wenzake waliotafuta pembe na watumwa. Stanley alizikuta kambi za aina hiyo alipopita, mojawapo ikiwa Ipoto. Jina la lugha hiyo linatokana na Wangwana, waungwana. Palipo na mwungwana hapakosi mshenzi, na katika Ituri mshenzi wa mwisho kabisa, baada ya wengine wote kupandishwa ngazi, alikuwa Mmbuti. Kwa maoni yetu, ukuta wa Turnbull haukujengwa na Turnbull peke yake. Sehemu yake aliikuta imekwisha kusimama katika lugha yetu. Akaugeuza tu, wa chini akawekwa juu.

Tuchukue neno moja. Katika Kingwana, nyama ni kitoweo na pia ni mnyama. Sasa tufuatilie dhana hiyo kitabuni. Molimo ni mnyama mkubwa wa msitu. Hapo ni heshima. Cephu, aliyeuweka wavu wake mbele ya nyavu za wenzake ili apate mawindo kwanza, anaambiwa usoni kwamba yeye ni mnyama, si mtu, na hakuna kijana anayempisha kiti. Hapo ni hukumu, na inamliza mtu mzima mbele ya kambi nzima. Wanakijiji nao huwaweka Wambuti wote karibu na wanyama; hapo ni dharau. Turnbull anazipitia sehemu zote tatu bila kusimama kuuliza kama ni neno moja linalozunguka. Mwandishi aliyekuwa na sikio kali kwa muziki (yeye ndiye aliyerekodi nyimbo za Ituri zilizotolewa kwenye santuri za Folkways) hakulitega sikio hilo kwa maneno.

Sisi wa Uganda tuna sababu ya kulitilia mkazo jambo hili. Mwaka 1972 Turnbull alitoa kitabu kingine, The Mountain People, juu ya Waik wa Karamoja, akawachora kama watu wasio na chembe ya huruma. Mwaka 1985 mwanaisimu Bernd Heine, aliyekisoma Kiik chenyewe, alikikosoa vikali, na moja ya hoja zake ilikuwa kwamba Turnbull hakuijua vya kutosha lugha ya watu aliowahukumu. Wambuti walipendwa, Waik walichukiwa. Lakini hawa na wale waliandikwa na mtu aliyekwenda na swali lake tayari, juu ya wema na ubaya wa Ulaya yake.

Msitu wa kitabu hauna tarehe. Msitu wenyewe unazo. Mwaka 1992 eneo la Epulu liliingizwa katika hifadhi ya okapi, na mwaka 1996 hifadhi hiyo ikatambuliwa kuwa urithi wa dunia. Mwishoni mwa mwaka 2002 na mwanzoni mwa 2003, vita vikiendelea Ituri, waasi waliwaua raia, Wambuti wakiwamo. Mwezi Mei 2003 Sinafasi Makelo, Mmbuti mwenye jina la Kiswahili, alisimama katika Umoja wa Mataifa mjini New York akaeleza kwamba watu wake walikuwa wakiwindwa kama wanyama. Ndilo neno lilelile tulilokuwa tukilifuatilia. Hakika tulipowasomea wanafunzi habari hii, yule wa Bundibugyo hakunyoosha mkono tena; alikuwa akiandika.

Basi tunatafsirije? Jina la kitabu pekee ni mtego. Wengi waliandika "Watu wa Msituni", na hapa kwetu, kama ilivyo Kongo, mtu wa msituni ni mtu wa bunduki. "Watu wa Msitu" ni afadhali. Turnbull anasema wenyewe hujiita watoto wa msitu, na Kiswahili kinalipokea hilo bila taabu. Mahali pa "mbilikimo" tumeamua kudai jina la kabila: Mmbuti, Mwefe, Mwasua, Mtwa, kadiri ya anayetajwa, na upatanisho wa a-wa bila mjadala. Ugumu unabaki kwenye jina la jumla. Sheria ya Kongo ya Julai 2022 ya kulinda haki za watu hawa bado inabeba neno Pigmi katika jina lake la Kifaransa, na tulipojaribu kulitafsiri jina hilo darasani tulipata matoleo matano, hakuna hata moja lililotutosheleza. "Wenyeji asilia" lilipata kura nyingi. Mwalimu mwenzetu mmoja akapinga: na Wabira je, ni wageni?

Kuhusu mnyama wa molimo, wanafunzi 2 waliacha "nyama wa msitu", kwa Kingwana, wakaeleza chini kwa nini. Tuliwapa alama zote.