Vitamutamu vya Kyoto: vile vyenye haviingie mu valizi ndivyo vizuri

Mudogo mumoja mwenye alimaliza miaka mitano nyuma yetu aliniandikia juma lililopita: "Yaya, nimepata nafasi ya kuenda Kyoto siku tatu, mwezi wa kumi na moja, kwa mukutano. Nitumie list ya vitamutamu vya kienyeji, vile vya lazima kuonja." Nikamujibu kama list ninakataa, lakini nitaandika. Basi ninaandika hapa, wapendwa, juu najua kuna wengine kati yetu wenye wataenda siku moja, na kuna wenye hawataenda lakini wanapenda mabishano.

Kwanza niseme juu ya nini ninakataa. Nilisoma zile list nyingi mbele ya safari yangu ya kwanza, na zote ni watoto wa mama mumoja: yatsuhashi, aiskrimu ya matcha, dango, warabi mochi, kisha tena aiskrimu ya matcha. Hakuna hata moja yenye inasubutu kusema kitu fulani ni kibaya. Na hakuna yenye inataja siku. Kumbe mu Kyoto siku ndiyo nusu ya chakula. Kitu chenye unakula tarehe ingine, si kitu kile.

Mufano wangu ni minazuki. Tarehe 30 mwezi wa sita, nusu ya mwaka inaisha. Ku mahekalu ya Kishinto wanasimamisha duara kubwa la majani, mutu anapita katikati ili aache nyuma uchafu wa miezi sita. Siku hiyo watu wa Kyoto wanakula minazuki: kipande cheupe cha pembe tatu, unga na sukari vilivyoiva kwa mvuke, juu yake maharagi madogo mekundu yenye wanaita azuki. Pembe tatu hiyo, wanakueleza, ni barafu. Zamani barafu ya wakati wa baridi ilifichwa mu mashimo ya mulimani, na mu joto ikapelekwa ku nyumba ya mufalme. Mutu wa kawaida angeitoa wapi? Akakata unga wake sawa kipande cha barafu, akaweka azuki juu, kwani wanasema wekundu wake unafukuza mabaya, akakula.

Ladha yake? Kwa kweli ni ya kawaida. Iko nzito, inashika meno, utamu ni kidogo. Kama ungenipatia ile kitu mu mwezi wa kwanza ningesema asante na kuacha nusu. Lakini Kyoto iko mu bonde, milima pande tatu, na mwisho wa mwezi wa sita hewa inakaa juu yako sawa blanketi yenye maji. Nilikaa ku ngazi za hekalu moja, shati limeshikana na mugongo, nikauma. Ilikuwa na ubaridi kidogo ndani ya kinywa. Nikafahamu kama ninakula barafu ya wenye hawakuwa na barafu. Hapo ndipo nilianza kuheshimu hii kazi.

Bon, kuna jambo moja lenye wengi wetu tunakwama hapo, ni maharagi. Karibu vitamutamu vyote vya kienyeji vya Japani, wanaviita wagashi, vimejengwa juu ya an, ni kusema maharagi yaliyopikwa na sukari mpaka yanakuwa laini. Sisi maharagi tunayajua na chumvi, mafuta ya ngazi, na bugali pembeni. Nilileta kartoni moja nyumbani. Baba mudogo akauma, akatazama mukono wake, akauliza: "Hii maharagi, nani aliikosea?" Tulicheka sana. Mais baadaye nilifikiri, nikaona kama hakukosea kabisa. Ile kartoni niliinunua ku gare, mbio mbio, na ilikuwa imefanya siku nyingi mu valizi. Alihukumu kitu chenye kilikuwa kimekufa tayari, na mimi ndiye nilimuletea maiti.

Sasa tuko tayari kwa yatsuhashi, yenye iko ya kwanza mu kila list na mu kila duka la gare. Asili yake ni biskwi ngumu ya unga wa muchele, sukari na mudalasini, imepindwa kidogo sawa mugongo wa koto, kile chombo cha muziki cha nyuzi. Wengi wanasema jina linatoka kwa Yatsuhashi Kengyo, mwanamuziki kipofu mwenye alikufa mwaka 1685. Ile ngumu mimi ninaipenda. Inavunjika vizuri, inanuka mudalasini, na haijifanye kitu ingine. Lakini watalii hawaitake ile. Wanataka ile laini, haikuokwa, imekunjwa pembe tatu na an ndani. Ile laini ilienea mu miaka ya 1960. Ni kusema, iko na umri wa baba zetu.

Na hapo ndipo kuna kesi. Kampuni moja ya zamani, Shogoin Yatsuhashi, inaandika kama ilianza mwaka 1689. Mushindani wake Izutsu Yatsuhashi, mwenye anajihesabu tangu 1805, aliipeleka ku mahakama mwaka 2018 akisema ule mwaka 1689 hauna ushahidi, unadanganya wanunuzi. Mahakama ya Kyoto ilikataa madai yake mwaka 2020, na ku rufani alishindwa tena. Kwa ufupi, waamuzi waliona kama ule mwaka si jambo lenye linamufanya muteja achague duka hili ao lile.

Wengine mutasema ni vita ya watu wenye pesa, inatuhusu nini? Mimi inanihusu, juu ninaona pande zote mbili zinakosa kitu kile kile. Wanapigania umri wa jina, na chenye kiko mu kartoni, kile laini chenye kinauzwa sana, hakina hata karne moja. Sisemi kama kitu kipya ni kibaya. Kila kitu cha zamani kilikuwa kipya siku moja. Lakini ukiandika 1689 juu ya kartoni ya kitu cha 1960 na kitu, unamuuzia mutu mwaka, humuuzie gato. Muamuzi anaweza kusema muteja hajali. Mimi nilikuwa muteja, na nilijali. Ule mwaka ndio ulinifanya ninunue ile kartoni ya baba mudogo.

Ukitaka zamani ya kweli, pandisha kaskazini ya muji mpaka ku hekalu la Imamiya. Mbele ya mulango wake wa mashariki kuna maduka mawili yanatazamana, njia moja katikati, yote mawili yanauzisha kitu kimoja tu: aburi mochi. Upande mumoja ni Ichiwa, yenye inajihesabu tangu mwaka 1000. Upande mwengine ni Kazariya, yenye iko na karne zake kama ine. Mwaka 1000! Hapa unaweza niuliza: mbona hapa haubishe? Sibishe juu hapa mwaka haukufungiwa mu kartoni. Mama anakaa mbele yako ku makala. Anachukua vipande vya mochi vidogo sawa kidole gumba, amevivingirisha mu unga wa soja iliyokaangwa (ndiyo, sawa ile soja mama zetu wanachanganya mu uji wa watoto), ameviweka ku ncha ya vijiti vya mwanzi, sawa brosheti ndogo. Anavichoma mpaka vinaungua kidogo pembeni. Kisha anamwaga muchuzi wa miso nyeupe yenye utamu. Unapata sahani ya vijiti vingi na chai, na bei haifike yeni elfu moja.

Na ile ladha, wapendwa! Moshi, chumvi ya miso mbali mbali, utamu, na kile kidogo chenye kimeungua. Baba mudogo angemaliza sahani na kuomba ingine. Kati ya yale maduka mawili yenye inashinda sitasema, juu mara zote nilifika na njaa, na mutu mwenye njaa si muamuzi. Unaweza kuomba wakufungie ubebe. Usifanye. Mochi ikipoa inakuwa ngumu, na ule moshi wote unabaki ku njia.

Vile vyenye viko mu foto nzuri, vya umbo la maua na majani, ni ndugu wengine. Kyoto wanavitengeneza sana na konashi, an iliyochanganywa na unga wa ngano ikapikwa kwa mvuke kisha ikakandwa. Kimoja kinaweza kufika yeni 400 ao 500, na unakimaliza mara tatu za kuuma. Hapa nitasema kitu chenye kitaniletea maneno: peke yake, karibu vyote viko na ladha moja. Ni maharagi na sukari. Ukiweka vitano pembeni na ukafunga macho, hautajua ua ni gani na jani ni gani.

Lakini tena kuhukumu hivyo ni kukosea, na zile list zinakosea hivyo. Kile kitu hakikufanywa kiliwe peke yake. Kwanza kiko na jina. Unaona kiduara cha kahawia chenye wekundu kidogo juu, hakifanane na kitu. Muuzaji anakutajia jina, na jina ni la mulima wakati majani yanageuka rangi. Basi unaona mulima. Watu wa Kyoto wanapenda hivyo, kuonyesha nusu, na nusu ingine wewe ulete. Pili, kiko na chai yake. Mu desturi ya chai unakula kitamu kwanza, unakimaliza, kisha matcha inakuja, chungu, bila sukari. Ule utamu wenye ulikuwa mwingi sana unakutana na uchungu wenye ulikuwa mwingi sana, na vyote viwili vinakaa sawa. Ndiyo maana aiskrimu ya matcha inanikasirisha. Wamechukua vitu viwili vyenye vilikuwa vinangojeana, wakavipondea mu kikombe kimoja. Ni tamu, sikatae. Kula, lakini usiite ile kienyeji.

Warabi mochi nitapita mbio. Ya kweli inatoka mu wanga wa mizizi ya mumea wa porini, inakuwa na rangi nyeusi kidogo, na bei yake inauma. Ile nyeupe ya bei rahisi mara nyingi ni wanga wa viazi vitamu ao wa muhogo. Muhogo! Umesafiri toka bara letu kuenda kula muhogo mu Kyoto. Kama unataka ile kazi ya wanga vizuri, ingia Gion kwa Kagizen Yoshifusa, duka la tangu karne ya 18, omba kuzukiri: ni kama nyuzi pana za wanga wa kuzu, ndani ya maji ya barafu, na asali nyeusi ya sukari guru ya Okinawa pembeni. Unachovya, unameza. Ukichelewa kidogo juu ya kupiga foto, zile nyuzi zinapoteza mwangaza wake mbele ya macho yako. Chakula chenye kinakufukuza hivyo kiko na heshima yake.

Na kuna Demachi Futaba, pale ku soko la Demachi, tangu 1899. Mulongo uko murefu na watu wa muji wenyewe wako ndani. Simama. Mame mochi yao ni mochi yenye an ndani na njegere nyekundu nzima ndani ya ngozi, na zile njegere ziko na chumvi. Mutu wa kwetu akiuma pale, anafurahi sana juu hatimaye maharagi yamekutana na chumvi. Wanakuambia uile siku ile ile. Ile kwangu ndiyo ya kwanza mu muji mzima, na haina umbo la ua lolote.

Sasa mudogo wangu, wewe unafika mwezi wa kumi na moja. Minazuki uiache, kuna wenye wanaiuzisha mwaka muzima, pita tu. Hanabira mochi, ile ya mwaka mupya yenye iko na muzizi wa gobo na miso ndani, hautaikuta. Lakini ule mwezi watu wa chai wanafungua jiko la ndani kwa ajili ya baridi, na maduka yanatoa inoko mochi, kidogo, kahawia, umbo la mutoto wa nguruwe wa porini. Uliza ile, na uliza jina la kila kitu mbele ya kulipa. Asubuhi ya siku ya pili panda Imamiya. Ku gare, kama mama anakulazimisha zawadi, nunua yatsuhashi ngumu, ile ya biskwi. Haitaharibika njiani. Na baba mudogo, kama anaishi karibu na kwenu, usimwambie kama inatoka kwangu.