Bika Sita za Maji ya Ruvu

Mvua kubwa ikinyesha usiku kwenye milima ya Uluguru, Dar es Salaam haina habari. Wenye habari ni watu wa zamu kwenye mitambo ya kusafisha maji ya Mto Ruvu, kwa sababu tope la Morogoro linawafikia wao kwanza. Ruvu Juu, pale Mlandizi, na Ruvu Chini, upande wa Bagamoyo, ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya maji ya jiji. Ruvu Chini peke yake imejengwa kuzalisha lita milioni 270 kwa siku. Mto ukibadilika rangi, dawa nayo lazima ibadilike, na kiasi chake kinaamuliwa mezani, mbele ya bika sita za lita moja moja.

Nilimtazama mama mmoja akiifanya kazi hiyo katika maabara ya mtambo unaotegemea mto huo. Maji ghafi alikwenda kuyachota mwenyewe. Ndoo aliisuuza mara tatu kwa maji yaleyale ya mto kabla ya kuijaza, na kila alipotaka kumimina kwenye bika aliikoroga tena. Tope likianza kutua ndooni, bika ya kwanza na ya sita zitakuwa na maji tofauti, na jaribio zima litakuwa kazi bure.

Ikaja zamu ya dawa yenyewe, shabu. Gramu 10 aliziyeyusha kwenye lita moja ya maji safi, hivyo kila mililita ya mchanganyiko huo ikiingia kwenye bika inapeleka miligramu 10 za shabu. Bika ya kwanza alipangia mililita 2, ya pili 3, hivyo hivyo mpaka ya sita, mililita 7. Alifyonza kwa bomba la sindano, akaliinua usawa wa jicho, akakigonga kiputo cha hewa kwa kucha mpaka kikatoka. Kipimo kimoja kilizidi kwa tone. Alikimwaga, akaanza upya. Vipimo vyote alivitia kwenye vikombe vidogo vilivyofungwa juu ya kipande kimoja cha ubao, ili akiuinamisha, dawa iingie bika zote kwa pamoja.

Mapanga ya mashine yalizunguka kwa kasi, mizunguko 100 kwa dakika, kwa muda wa dakika moja tu. Hapo shabu inasambaa. Chembe za udongo hubeba chaji hasi, ndiyo maana zinasukumana na kuelea siku nzima bila kutua. Shabu huiondoa ile chaji, na chembe zikaacha kukimbiana. Kisha akapunguza hadi mizunguko 30 na kuacha hivyo dakika 20. Kasi ikizidi hapa, madonge yanayojijenga yatavunjika. Katika bika ya nne niliyaona yakikua, kutoka vumbi lisiloshikika kwa jicho mpaka ukubwa wa punje ya ulezi.

Akazima mashine. Nusu saa ya kutua ndiyo iliyonionyesha yeye ni fundi wa namna gani, kwani hakuna alichogusa. Aliinama, akatazama kila bika dhidi ya mwanga wa dirisha, akaandika daftarini saa ambayo madonge ya kila moja yalianza kushuka.

"Mama, ya tano imewahi kutua," alisema kijana aliyekuwa naye zamu.

"Tazama maji ya juu, mwanangu. Tope la chini litakaa tu."

Sampuli alizivuta karibu na uso wa maji, asilitibue tope. Kichupa cha kupimia alikifuta kwa kitambaa laini kabla ya kukiweka kwenye mashine ya kupima tope, kwa kuwa alama ya kidole kwenye kioo husomeka kama tope. Bika ya sita, iliyopata shabu nyingi kuliko zote, ilikuwa imeanza kuchafuka tena: dawa ikizidi, chembe hupata chaji ya upande wa pili na kuanza kusukumana upya. Ya tano ilikuwa safi kuliko ya nne, lakini kwa kiasi kidogo mno. Akachagua ya nne.

Uamuzi huo ni wa fedha pia. Miligramu 10 za ziada kwa kila lita, kwa mtambo wenye ukubwa wa Ruvu Chini, ni tani 2.7 za shabu kwa siku, yaani magunia 54 ya kilo 50. Shabu ikizidi, maji nayo hupata uasidi, na chokaa ya kuyarudisha hununuliwa. Ile tofauti ndogo kati ya bika ya nne na ya tano itamalizwa na machujio ya mchanga. Shirika la Afya Duniani linapendekeza tope liwe chini ya NTU 1 (NTU ni kizio cha ukungu wa maji) kabla ya klorini, maana chembe huwaficha vijidudu, na klorini haiwafikii vizuri.

Mtambo una kihisi kinachosoma tope wakati wote, na mama huyu anakipenda. Ila mvua ikizidi, utando wa tope hukaa kwenye kioo chake na namba zikaanza kudanganya. Nilimwona akisoma namba, akatazama maji, akaenda kukiosha kihisi. Kujua ni lini uende kukiosha hakumo ndani ya mashine, na sidhani kama kunafundishwa kwa semina ya siku mbili.

Mtumishi wa umma Tanzania anastaafu kwa lazima akifikisha miaka 60, na yeye anaikaribia. Chuo cha Maji pale Ubungo kinatoa vijana wenye elimu nzuri ya maabara. Mamlaka za maji ziwaajiri mapema, wafanye kazi na wakongwe hawa angalau misimu miwili ya masika kabla ya barua ya kustaafu kutoka.